Mteja kasema tulikuwa ‘mean’ kwenye barafu, nami nikamjibu vibaya

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni karani katika ofisi inayosafirisha minofu ya sangara hapa Ilemela, Mwanza. Napokea oda, naandaa nyaraka za mzigo na kujibu barua pepe za wateja wa nje. Nyaraka hazinisumbui kwa sababu maneno yake ni yale yale kila siku. Shida yangu inaanza mteja anapoandika kama anavyozungumza.

Mwezi uliopita mteja wetu wa Uingereza aliandika hivi kuhusu mzigo uliomfikia: “Your packers were rather mean with the ice this time.” Mimi ‘mean’ nililijua kwa maana mbili tu: kumaanisha, na ile tunayoisikia kwenye filamu za Kimarekani, mtu mkatili mwenye roho mbaya. Nikaona amewatukana vijana wetu wa kupakia. Na kwa kuwa siku hizo alikuwa anatubana tushushe bei, nikayaunganisha yote mawili nikamjibu: “We are not mean people, we are very kind. But you are cheap, every time you want cheap price.”

Hakunijibu. Akamwandikia bosi moja kwa moja kwamba ameshangazwa na lugha ya ofisi yetu. Bosi ameniita na kuniambia kwamba ‘mean’ pale lilikuwa na maana ya bahili, na kwamba aliyetukana ni mimi. Anataka nimwombe mteja radhi mwenyewe kabla mzigo ujao haujaondoka. Nimeuliza chumba cha kupakia, na kweli baadhi ya maboksi yaliwekwa pakiti moja ya barafu badala ya mbili. Naandika nafuta. Nikitafuta ‘bahili’ kwenye kamusi napata maneno lukuki, sijui lipi ni tusi na lipi ni la kawaida.

Pia mdogo wangu yuko kidato cha tatu Nansio, Ukerewe. Wamepewa insha ya Kiingereza kuhusu tajiri mchoyo, naye katika kamusi ya zamani amekuta ‘niggardly’. Amelipenda kwa kuwa linaonekana neno la wasomi. Alitumie?

La mwisho ni dogo. Niliwahi kusema ‘stingy’ kwenye simu, nikatamka “stingi”, na mtu wa upande wa pili akaniuliza mara mbili nimesema nini. Linatamkwaje?

Karani, Ilemela

Marahaba, binti yangu.

Bosi wako yuko sahihi kuhusu neno, lakini kuna sehemu hajakuambia, nayo ndiyo itakayokusaidia kuandika barua yako: mteja hakuwaita ninyi watu mabahili. Alisema barafu iliwekwa kidogo. Soma tena sentensi yake uangalie kinachofuata baada ya ‘mean’. Pana ‘with the ice’. Kihusishi hicho ndicho kinachobeba maana yote. Mwingereza akisema mtu ni ‘mean with’ kitu fulani, anasema anakitoa kwa kukibana. Akisema mtu ni ‘mean to’ mtu fulani, anasema anamtendea vibaya. “He is mean with sugar” ni yule anayekuwekea nusu kijiko kwenye kikombe kizima cha chai. “He is mean to his sister” ni yule anayemwonea dada yake. Kwa hiyo unapokutana na neno hili, usihangaike nalo lenyewe. Ruka mbele yake neno moja, kisha urudi.

Ugumu unakuja pale lisipofuatwa na kitu. “My uncle is mean.” Hapo inabidi ujue msemaji katoka wapi. Kwa Mmarekani, karibu kila mara huyo mjomba ni mkali au katili. Kwa Mwingereza au Mwairishi anaweza kuwa katili, anaweza kuwa bahili, na habari za jirani ndizo zitakazoamua: kama sentensi iliyotangulia ilihusu fedha, zawadi au chakula, basi ni bahili. Filamu ulizozizoea zilikufundisha matumizi ya Marekani, na hayo si makosa. Mteja wako tu anazungumza Kiingereza cha nchi nyingine.

Yako pia maneno mawili madogo uliyoyaruka: ‘rather’ na ‘this time’. Katika barua za Waingereza ‘rather’, ‘a bit’ na ‘slightly’ ni maneno ya kupunguza makali. Nayo ‘this time’ inasema kwamba safari zilizopita barafu ilitosha. Ukiiweka sentensi yake katika Kiswahili cha ofisini, inakuwa hivi: “Safari hii vijana wenu wa kupakia walibana kidogo kwenye barafu.” Ni lalamiko la mteja anayetarajia kuendelea kununua. Anayetaka kuvunja biashara haandiki ‘rather’.

Historia ya neno lenyewe inaeleza kwa nini linachanganya. Katika Kiingereza cha kale neno lililozaa ‘mean’ hii lilikuwa na maana ya kitu cha wote, kinachomilikiwa kwa pamoja. Cha wote kikaonekana cha kawaida, cha kawaida kikawa cha chini, na kutoka uduni likafika kwenye roho finyu. Huko likagawanyika: Waingereza wakashikilia ufinyu wa mkono, Wamarekani wakashikilia ufinyu wa huruma. Lile la kumaanisha na lile la wastani katika hesabu hayana undugu nalo. Lile la wastani lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa. Yamefanana kwa herufi tu, na ndiyo maana kulibashiri kwa kukumbuka maana nyingine hakusaidii.

Kabla hatujaliacha, jihadhari na ‘no mean’. Mteja akikuandikia kwamba kufikisha mzigo ule kwa wakati ilikuwa “no mean feat”, amekusifu: si jambo dogo. Na mtu akisema mama fulani “makes a mean pilau”, anasema pilau ya mama huyo haina mfano. Ingekuwa huzuni kujibu hiyo nayo kwa hasira.

Sasa tuje kwenye ulichoandika wewe. “We are not mean people” peke yake lingepita. Lingemshangaza kidogo, basi. Kilichoharibu ni ‘cheap’.

‘Cheap’ ni neno la bidhaa. Dagaa wakiwa wengi pale Mwaloni Kirumba wanakuwa ‘cheap’. Bei yenyewe haiwi ‘cheap’, bei huwa ‘low’, kwa hiyo hata “cheap price” utaisikia sana mitaani lakini katika barua ya biashara andika “low price”. Neno hilo likihamia kwa mtu, linageuka. Marekani ndilo neno la kila siku la kumwita mtu bahili, hasa yule anayekwepa kulipa zamu yake au kuacha bakshishi hotelini, na ni tusi hata likisemwa kwa kicheko. Uingereza wanalielewa kwa maana hiyo, lakini kwao linabeba pia harufu ya uduni, mtu asiye na hadhi. Akiambiwa mwanamke linagusa heshima yake ya mwili. Kwa hiyo ulidhani unamwambia mteja kwamba bei anayoitaka ni ndogo, naye akasoma kwamba yeye ni mtu duni.

Dawa yake ni ya sarufi, na ni rahisi. Ukibishana bei kwa Kiingereza, usimfanye mteja kuwa kiima cha sentensi. Kiima kiwe bei, gharama au ofisi yenu. “The price you suggest is below our cost.” “Your offer is low for us at the moment.” “We cannot go below this figure for fillets of this size.” Katika sentensi hizo zote hakuna mtu aliyepewa sifa, nzuri wala mbaya. Unaweza kukataa bei mara kumi kwa namna hii na mteja akabaki mteja.

Barua ya radhi iwe fupi. Barua ndefu ya radhi humlazimisha mtu akufariji, na mteja hakununua samaki ili akufariji. Ifuate mpangilio huu: umesoma vibaya, unaomba radhi kwa jambo lililotajwa, barafu ilikuwaje, itakuwaje, na unachokihitaji kutoka kwake. Mfano:

“I misread your note about the ice and answered it badly. I am sorry, especially for what I wrote about you and prices. You were right: some boxes were packed with one ice pack instead of two. From the next shipment every box will have two, and I will send you the packing record before it leaves. If you took a temperature reading on arrival, please send it to me so that we can check it against ours.”

Nikueleze kwa nini kila kitu kimekaa pale. “Misread” linasema kosa ni la msomaji. Ukiandika kwamba neno lake lilikuwa gumu au lina maana mbili, umemgawia lawama, hata kama ni kweli. Habari za filamu za Kimarekani ziache. “Especially” inaonyesha unajua ni maneno gani yaliyomuumiza, na bila hiyo radhi inakuwa ya jumla, haigusi kitu. Idadi ya pakiti ndiyo moyo wa barua, maana yeye tangu mwanzo alikuwa anazungumzia barafu na hadi leo hajajibiwa. Na hesabu ya joto anaijali kuliko unavyodhani: kanuni za Ulaya, na za Uingereza zilizorithiwa kutoka huko, zinataka samaki mbichi akae kwenye joto linalokaribia lile la barafu inayoyeyuka, yaani karibu na nyuzi 0. Boksi likifika na joto zaidi ya hapo, yeye ndiye anayebanwa na wakaguzi, na mnofu unapoteza siku za kukaa dukani. Kabla hujaandika “every box will have two”, hakikisha mkuu wa chumba cha kupakia amekubali na ataandika idadi kwenye fomu. Ahadi ikivunjika safari ijayo, hakuna Kiingereza kitakachokutoa.

Usiandike “we were stingy with the ice”. Najua kamusi inaruhusu, na kwa sarufi ni sawa, lakini ‘stingy’ inalaumu roho ya mtu, wakati “too little ice” inalaumu boksi. Wewe mwenyewe usiwape wenzako sifa mbaya mbele ya mteja. Suala la bei lisiguswe kabisa katika barua hii zaidi ya kuomba radhi. Likirudi, lirudi katika barua nyingine.

Sasa yale maneno lukuki ya kamusi. Yanaonekana mengi kwa sababu Kiswahili kimeligawa jambo hili kwa namna yake na Kiingereza kwa yake, na mipaka haikutani. Sisi tuna bahili na mchoyo. Bahili, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni mgumu wa kutoa fedha, na mara nyingi anajibana hata mwenyewe: ana mitumbwi mitano ziwani lakini anatembea kwa miguu kutoka Kirumba hadi mjini akiikimbia nauli ya daladala. Mchoyo hataki mwenzake apate: amepikiwa sato mzima, kasikia hodi, kafunika sufuria. Mchoyo anaweza kujilisha vizuri sana. Bahili anaweza kufa na njaa juu ya fedha zake.

‘Stingy’ linawachukua wote wawili, na ndiyo faida yake. Linaeleweka kwa namna moja London, Chicago na Nairobi, na kama ‘mean’, linapenda ‘with’: stingy with money, stingy with food, hata stingy with praise, mtu ambaye neno la “umefanya vizuri” halimtoki. Linaweza pia kueleza kiasi chenyewe: “a stingy portion” ni sahani ya ugali ambayo tonge tatu zinaimaliza. Kwa mwanafunzi na kwa karani, hili ndilo neno la kulijua kwanza, mradi usimwambie mtu usoni.

Nawe uliuliza linavyotamkwa. Ni “stinji”, kwa sauti ya j, kama j ya ‘jiko’. Ukisema “stingi” Mwingereza anasikia neno jingine kabisa, lililojengwa juu ya ‘sting’, kuchoma kama nyuki, ndiyo maana yule wa simu akakuuliza mara mbili. Katika kulinganisha, y inageuka i: stingier, stingiest, na nomino yake ni stinginess. Usiandike “more stingy” katika mtihani.

‘Miserly’ ni la bahili hasa, yule wa kujinyima. Linatokana na ‘miser’, na hilo nalo lilitoka neno la Kilatini la mtu mnyonge, mwenye dhiki, kwa hiyo ndani yake mna picha ya tajiri anayeishi kama fukara. Mtego wake ni herufi za mwisho. Linaishia na -ly lakini si kielezi, ni kivumishi. “He lives miserly” ni kosa linalojirudia sana kwenye madaftari. Sema “he lives in a miserly way” au “he lives a miserly life”. Magazeti hulitumia kwa takwimu pia: “a miserly 2 per cent” ni asilimia 2 inayoonekana ndogo ya kudhalilisha, na hapo ‘a’ haiachwi ingawa namba ni zaidi ya moja.

‘Tight’ na ‘tight-fisted’ ni maneno ya mazungumzo. La pili ni ngumi iliyofumbwa, na linakaa karibu kabisa na mkono wa birika wetu. Usijaribu kuubeba mkono wa birika wenyewe kwenda kwenye Kiingereza. Msomaji atatafuta birika na halioni. ‘Tight’ peke yake lina kazi nyingi mno, la nguo kubana, la ratiba kubana, na vijana wa Marekani wakisema watu wawili ni ‘tight’ wanasema ni marafiki wa kufa na kuzikana. Ofisini achana nalo. ‘Parsimonious’ ni la vitabuni. Ukiliona, elewa ni bahili wa kisomi, ulipite.

Sasa kuna upande wa pili wa mtaa, na hapa ndipo watu wa biashara wanapoumia bila kujua. Kubana matumizi si ubahili, na Kiingereza kimeweka maneno tofauti kwa ajili yake: ‘thrifty’ na ‘frugal’. Yote mawili ni sifa nzuri. ‘Thrifty’ ni ndugu wa ‘thrive’, kustawi: mama anayeuza dagaa, anaweka akiba ya kila siku katika kikoba na mwisho wa mwaka ananunua bati. ‘Frugal’ ni mtu wa maisha ya kiasi, asiyetaka makuu. Ukitaka kumsifu bosi wako kwa mgeni kwamba hapotezi fedha, ukamwita ‘stingy’, umemchafua. Mwite ‘careful with costs’. Lakini hata hapo sikiliza: Mwingereza akitabasamu na kusema fulani ni “a bit careful with his money”, anamwita bahili kwa adabu. Tofauti iko katika ‘a bit’ na tabasamu.

‘Economical’ ni zuri kwa jiko, gari au mtu asiyefuja. Ila usiseme mtu ni “economical with the truth”. Maneno hayo yaliimarika mwaka 1986, pale Robert Armstrong, katibu wa baraza la mawaziri la Uingereza, alipoyatamka akitoa ushahidi mahakamani Australia. Tangu hapo Waingereza wakiyatumia wanasema mtu anadanganya kwa kuficha.

Makosa mawili ya tafsiri yanatokea sana huku kwetu. Moja ni kumwita mchoyo ‘greedy’. Baadhi ya kamusi zinaliruhusu kwa sababu choyo kwa matumizi ya zamani kilibeba pia tamaa ya vya watu, lakini mchoyo wa leo ni anayekataa kutoa, na ‘greedy’ ni anayetaka kuongezewa: mlafi, mroho, mwenye tamaa. Mtu anaweza kuwa vyote, lakini ni tabia mbili. La pili ni ‘selfish’. Hilo ni ubinafsi, ni pana mno. Dereva anayeziba barabara ya Makongoro kwa kuegesha ovyo ni ‘selfish’, na huenda ni mkarimu kupindukia nyumbani kwake.

Kuhusu mdogo wako: asitumie ‘niggardly’. Mwambie asilitumie kabisa, wala darasani, wala maishani, lakini mweleze sababu vizuri ili asidhani limekatazwa kwa kuwa ni gumu. Kwa asili neno hilo halina ubaya. Shina lake, ‘niggard’, lilikuwemo katika Kiingereza tangu karne ya 14, lina jamaa katika lugha za Skandinavia, na maana yake ilikuwa bahili tu. Lile tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi lilitoka kwingine, katika neno la rangi nyeusi la Kilatini lililopitia Kihispania na Kireno. Hayana undugu. Lakini sikio halisomi historia, linasikia mlio, na mlio wa mwanzo ni karibu ule ule. Mwaka 1999 huko Washington, David Howard, msaidizi wa meya Anthony Williams, alilitumia akizungumzia bajeti ndogo. Likazuka gumzo kubwa hadi akajiuzulu, na baadaye meya akamwita arudi kazini kwa kuwa hakuwa ametukana. Alikuwa sahihi kwa kamusi, na bado lilimtoa ofisini. Mtoto wetu wa Nansio hana haja ya neno la namna hiyo wakati ‘stingy’ na ‘miserly’ yapo na yanafanya kazi ile ile. Na mimi naona kwa mtu mweusi yeyote kulikwepa ni busara ya kawaida, maana atakayemsikia hatamwomba maelezo ya karne ya 14.

Kwenye insha yenyewe, neno kubwa halimletei alama. Msahihishaji anatafuta sentensi iliyosimama. Atumie ‘stingy’ mwanzoni, ‘miserly’ mara moja katikati, kisha amwonyeshe tajiri akitenda. Muundo wa ‘so … that’ unamfaa sana: “He was so stingy that he covered the pot whenever he heard a visitor at the gate.” Kisha ‘with’: “He was stingy with food, with money and even with greetings.” Kisha ‘miserly’ mahali pake: “He owned five boats but lived a miserly life.” Awe mwangalifu na nyakati. Akianza na ‘was’, aende nayo hadi mwisho, hapo ndipo wengi wanapoanguka kuliko kwenye msamiati. Akitaka kupunguza makali, kama tajiri ni babu yake mwenyewe, “not very generous” inatosha.

Barua yako usiitume usiku. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo ofisi zinazofunguliwa saa 3 asubuhi kwao, kwetu ni saa 6 mchana au saa 5 asubuhi. Iandike asubuhi, mwonyeshe bosi, mpelekee na mkuu wa kupakia asome ile sentensi ya pakiti mbili, kisha itume katikati ya saa 4 na saa 5, ili iwe miongoni mwa za juu mteja anapofungua kompyuta. Mnakili bosi wako, kwa kuwa lalamiko lilifika kwake. Mada ya barua iwe ile ile ya mwanzo kuhusu barafu, ujibu ndani ya mfululizo huo huo, mteja asihangaike kutafuta unazungumzia mzigo gani.